Alama ya Onema kwenye njia ya Punia

Onema alikuwa na miaka hamsini na miwili siku alipokabidhiwa GPS, na mgongo wake ulikuwa umemchosha kabla ya safari kuanza. Kazi yake ilikuwa kupeleka chanjo kwa pikipiki, kutoka Kindu kupandisha njia ya Punia, sanduku la barafu nyuma, matope mbele. Mama Emerance, muuguzi msimamizi wa ghala la chanjo, alimweleza kwamba tangu sasa ofisi itasoma kila alipopita na kila aliposimama.

Kukifunga kile kifaa kulimchukua asubuhi nzima. Kishikio kilikuwa kipana kuliko bomba la usukani, kikawa kinazunguka. Akakata ukanda wa mpira wa ndani wa tairi, akalizungushia bomba mara tatu, akakaza skrubu karibu na mkono wa klachi, pale ambapo angeweza kutupa jicho bila kuinamisha kichwa. Waya akaupitisha chini ya tangi hadi kwenye betri.

Safari ya tatu alikuta daraja limevunjika. GPS ikamwonyesha njia ya zamani ya msituni. Aliijua mno. Wakati wa vita, yeye na kaka yake Idrissa walisukuma humo baiskeli za chumvi, wakiwakwepa wenye silaha. Siku ya nne homa ikamwangusha Idrissa. Hapakuwa na dawa, wala mtu wa kumwita. Onema alichimba kaburi kwa panga kando ya kijito, kisha akaendelea kusukuma, maana nyumbani walikuwa na njaa. Hakuikanyaga tena njia ile.

Sasa barafu ilikuwa inayeyuka. Akapita bila kutazama pembeni. Lakini akirudi, sanduku likiwa tupu, alizima injini kando ya kile kijito, akaketi juu ya majani. Machozi aliyoyangoja hayakuja. Alikuwa amechoka tu.

Kule Kindu, Mama Emerance alikuwa na karatasi ya GPS mkononi, kituo kimoja cha dakika arobaini kimepigiwa mstari.

“Papa Onema, ulisimama dakika makumi ine. Kulikuwa nini pale?”

“Iko kaburi ya kaka yangu.”

Mama Emerance aliikunja karatasi polepole. “Basi utie alama. Kwa ramani, pale hapana jina.”

Mwezi uliofuata Onema alisimama tena kando ya kijito, akaandika kwenye GPS herufi moja moja kwa kidole kilichoganda matope. Alikosea mara mbili. Mama Emerance akaiingiza alama ile katika vifaa vya waendesha pikipiki wenzake, nao wakazoea kusema wamekunywa maji Idrissa, au mvua imewakuta Idrissa.

Mmoja wao, Wilfried, alimuuliza kama zamani pale palikuwa na kijiji.

“Hapana,” Onema akasema. “Alikuwa muntu. Alikuwa anauzisha chumvi.”

Onema akavua koti lake, akaenda kulala, na jua lilikuwa bado juu.