Kanuni ya Saba ya Kamati ya Huruma

Jumapili ya tarehe 17 Machi 2019, katika kikao kilichofanyika baada ya ibada, katibu wa Kamati ya Huruma alipendekeza kanuni ya saba: ndugu wa damu wa mjumbe yeyote asipokee msaada wa kanisa. Imo katika daftari la mihtasari, ukurasa wa thelathini na moja, kwa mwandiko wake mwenyewe, herufi zimesimama wima kama watu wanaosubiri kuhudumiwa.

Waumini wanamwita Mama Posta. Miaka ishirini na sita alikaa nyuma ya kioo cha kaunta namba mbili, akiuza stempu, akipima vifurushi na kuwarudisha nyuma ya mstari wote waliojaribu kupenya. "Mwenye haraka angekuja jana," alikuwa akisema, wala hakuinua macho. Siku moja alimrudisha meneja wake, naye meneja akarudi nyuma, akasimama kati ya mama mwenye mtoto mgongoni na mzee wa pensheni.

Kanuni ilikuwa na sababu yake. Katika kamati iliyotangulia, mjumbe mmoja alipewa mafuta ya kupikia ya kaya kumi na moja, yakaishia kwa wakwe zake. Shemeji yake alionekana sokoni akiyauza, na karatasi ya kanisa bado imebandikwa kwenye madumu. Watu walicheka wiki nzima, kisha wakaacha kuleta vitu. Kikapu kinachokaa mlangoni mwa kanisa, ambacho kila muumini hupita na kutia alichonacho, kilirudi kitupu kwa miezi miwili. Ndipo mchungaji akamfuata mstaafu wa posta.

Wajumbe wote watano walinyoosha mikono. Nyuma ya ukumbi kulikuwa na mtu wa sita, mdogo wa kiume wa Mama Posta, aliyekuwa akimsubiri ili amsindikize nyumbani. Huyo alipiga makofi peke yake.

"Dada, leo umefunga mlango, na ufunguo umeumeza," alimwambia njiani.

"Kwani wewe ulitaka kuingia?"

"Mimi? Mimi kazi imenifika shingoni."

Wakati ule ilikuwa kweli. Alikuwa fundi viatu, mtaa mzima ukimwita Soli, na kibanda chake kilikuwa kwenye kibaraza cha duka la vifaa vya shule. Asubuhi ulimkuta ameinama, msharasi wa kutobolea ngozi mkononi, uzi mdomoni, wateja watatu wamekaa kwenye benchi bila viatu wakizungumza siasa. Mke wake alikuwa amefariki, watoto hawakujaliwa. Alikuwa na dada mmoja, na dada yake alikuwa na yeye.

Chini ya katibu mpya kikapu kilijaa tena, na kamati ikawa na kazi ya kueleweka. Watoto wa kaya zilizoandikwa walipelekwa shule. Mjane aliyejua kusuka alinunuliwa nyuzi, badala ya kupewa unga kila mwezi mpaka azeeke. Wagonjwa walilipiwa kadi ya zahanati. Kila Jumamosi wajumbe walitembelea nyumba, na Mama Posta ndiye aliyewafundisha namna ya kutembelea.

"Usiwaulize kama wana chakula," aliwaambia. "Kila mtu anacho ukimuuliza. Omba maji ya kunywa, kisha ukaoshe kikombe mwenyewe. Utaona sufuria ilipo. Utaona majivu ni ya lini na chumvi kama ipo. Na mtu anayekupokea mlangoni mara mbili bila kukuingiza ndani, huyo mwandike."

Maneno hayo yalisafiri. Usharika wa nchi ya mbali, ambao ulikuwa ukichangia karo za watoto, uliuliza kwa barua: ninyi mnamtambuaje maskini? Mama Posta alijibu kwa kurasa mbili. Barua ikatafsiriwa, ikasomwa katika makanisa ambayo hatayaona maishani mwake, na mchungaji mmoja wa huko akaandika kwamba tangu siku hiyo na wao wameanza kuingia jikoni.

Soli naye alikuwa na sehemu yake. Viatu vya watoto vilivyoletwa kikapuni, vingine vimeachama kama mamba, vilipita mikononi mwake kabla ya kugawiwa. Alivishona, akaviweka visigino, akavirudisha vinang'aa, na hakutaka malipo. Kanuni ya saba ilisema ndugu asipokee. Haikusema asitoe.

Kisha mtaani vikaingia viatu vya plastiki, vya kuvaa miezi mitatu na kutupa. Benchi la wateja likabaki na mtu mmoja, halafu likabaki benchi. Mwenye duka akaweka mlango wa kioo na kusema kibaraza kinahitajika. Soli akahamishia kazi chumbani kwake, chumba cha tatu katika nyumba ya wapangaji wengi. Jicho la kulia lilikuwa limeanza kuota utando mweupe.

Dada yake alipopita kumjulia hali, alimkuta mlangoni. "Usiingie, dada, gundi ya leo kali, utaumwa kichwa bure." Wakaongea wamesimama, yeye ameegemea kizingiti. Mwezi uliofuata gundi ilikuwa kali tena. Viatu vyake mwenyewe vilikuwa safi kuliko vya mchungaji, na mtu aliyezoea kuangalia sufuria za watu aliangalia viatu, akaridhika, akaenda zake.

Mwaka huu, mwezi wa Juni, kamati ilipata mjumbe mpya mahali pa mmoja aliyehama, mwalimu wa chekechea, binti makini anayeandika kwa penseli. Jumamosi yake ya pili alipangiwa mtaa ule. Alikwenda huko Jumamosi tatu, kisha Jumapili akasoma ripoti mbele ya wenzake.

"Chumba cha tatu. Mzee fundi viatu, anaishi peke yake. Mara mbili alinipokea mlangoni. Mara ya tatu niliomba maji, nikaingia. Jiko ni baridi, buibui ametanda juu yake. Chumvi hakuna. Nimemwandika."

Hakujua. Wengine wote walijua, na kila mmoja akapata kitu cha kutazama mezani.

"Mama," mchungaji alisema taratibu, "hili jina tulizungumze."

"Tuzungumze nini, mchungaji? Ukurasa wa thelathini na moja."

"Kanuni tumetunga sisi. Haikushuka mlimani."

"Na mafuta ya wakwe nayo hayakushuka mlimani. Nikimwandika wangu leo, kesho kila mtu ana wake. Kikapu mtajaza ninyi?"

Akavuta daftari, akatoa rula mkobani, akapiga mstari juu ya jina.

"Makubwa!" mtunza hazina akasema. Ni fundi cherehani, mzee wa mzaha. "Hata kumfuta ndugu yako unanyoosha na rula?"

Watu walicheka, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kunyamaza. Mama Posta naye alicheka. Mwalimu wa chekechea, aliyekuwa ameelewa sasa, hakucheka.

Si kwamba Mama Posta hakujali. Jumapili hiyohiyo alimfuata mdogo wake alipokuwa akitoka kanisani, akamshika mkono hapo mlangoni, watu wakiwapita huku na huku. Akamuuliza swali aliloliondoa katika vinywa vya wajumbe wote.

"Wewe, una chakula?"

"Ninacho, dada."

"Mwalimu kasema jiko lako limelala."

"Mwalimu mgeni huyo. Mwanamume peke yake apike apikie nani? Nakula hotelini pale kona. Yule mama ananijua, ananipakulia mpaka aibu." Akacheka. "Viatu vya watoto vimebaki jozi nane. Ijumaa nitakuletea."

Mama Posta akashusha pumzi. Nyumbani kwake kulikuwa na binti mjane na wajukuu wanne juu ya pensheni moja, na jibu lile lilikuwa jepesi kubeba. Alimwambia aje kula Jumapili. Alikuja Jumapili mbili, akala kidogo, sahani akawasogezea wajukuu. Ya tatu alisema ana mteja.

Wiki iliyofuata, siku ya Jumatano, jirani alipiga simu. Soli alikuwa ameanguka uani akienda kuchota maji.

Hospitali walisema ni homa ya mapafu. Daktari alikuwa msichana mdogo, mpole, kalamu mkononi. "Mama, ugonjwa wenyewe tungeuweza. Tatizo ni kwamba mwili hauna akiba yoyote. Alikuwa anakula nini?"

Mama Posta alijua, kwa kichwa, kaya arobaini na tatu zilikuwa zinakula nini na siku gani hazikula.

"Sijui," alisema.

Alhamisi mgonjwa alipata nafuu ya muda, akaweza kuzungumza. "Dada, humu uji wanagawa kwa foleni."

"Ulikuwa wa ngapi?"

"Kitanda changu ndicho cha kwanza. Nikaona haya, nikamwambia nesi aanze na yule mwenzangu."

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza.

"Ningekuambia, ungefanya nini? Ungeniandika. Wangekusema sokoni, kama yule wa mafuta. Watu wanaleta vyao kwa sababu yako, dada. Wale watoto wote." Akapumzika. "Isitoshe, ulishaniuliza. Nikakujibu vizuri tu."

Alifariki Ijumaa, saa nane mchana, dada yake akiwa ametoka kwenda kumnunulia maji.

Jumatatu baada ya mazishi alikwenda kufungua chumba. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia tangu mwaka uliotangulia, na hakukuwa na harufu ya gundi. Kopo la gundi lilikuwa limekauka mpaka likapasuka ndani. Kitanda kimetandikwa. Sufuria imefunikwa juu ya rafu, safi, ila juu ina vumbi. Jozi tano za viatu vya watoto zilikuwa zimepangwa kwenye gazeti, mshono mmoja umekwenda kombo kwa sababu ya lile jicho. Jozi tatu hazikuwa zimeguswa.

Jirani, mama mfua nguo, alisimama nyuma yake na beseni kiunoni. "Pole, mama. Sisi tungejua, kweli tusingenyamaza. Lakini tulikuwa tunasikia nyundo. Asubuhi mpaka jioni, ko, ko, ko. Tukasema mzee kazi anayo."

Kile chuma chenye umbo la mguu, ambacho fundi huvika kiatu ili akigonge, kilikuwa katikati ya chumba. Mama Posta aliinama akakitazama. Kilikuwa kimejaa makovu mapya, mang'avu. Nyundo ilikuwa ikigonga chuma kitupu.

Alikaa chini pale sakafuni, mtu mzima wa miaka sitini na tisa, mkoba begani. Jirani aliweka beseni chini, akakaa naye.

Katika kikao cha Jumapili iliyofuata, mchungaji alipendekeza kanuni ya saba ifutwe. Mtunza hazina alisema anaunga mkono, kisha akaanza kuomba radhi kwa ule mzaha wa rula, akashindwa kumaliza.

"Msiifute," Mama Posta alisema. "Mkiifuta tu, mafuta yatarudi kwa wakwe, na kikapu kitarudi kitupu, na watakaolala njaa si sisi."

"Sasa tufanye nini, mama?" mwalimu wa chekechea aliuliza.

"Mjumbe asimwandike ndugu yake wala asimfute. Wenzake waende, waone, waamue, yeye akiwa nje. Na kabla ya kutembelea nyumba za watu, tutembelewe sisi. Wajumbe wote na ndugu zetu. Tumejifanya kaunta, kama vile hakuna njaa upande wetu wa kioo."

"Tuanze na nani?"

Binti yake Mama Posta alikuwa na wiki mbili anasema hasikii njaa jioni.

"Anzeni na mimi."

Pendekezo lilipita kwa kura nne. Yeye hakunyoosha mkono, na muhtasari wa siku hiyo ameuandika mwalimu wa chekechea, kwa penseli. Ziara ya kwanza ni Jumamosi hii, saa tatu asubuhi. Mwalimu na mtunza hazina watakwenda nyumbani kwa Mama Posta, wataomba maji ya kunywa, na wataingia mpaka jikoni.