Basi Lililouzwa Mwenyewe Hayupo

Marlys Tveit alikwenda Minnesota kumwangalia binti yake aliyejifungua kwa upasuaji, na aliporudi Arizona akakuta nyumba yake haipo. Haikuungua wala haikuibwa. Aliyeiuza ni mumewe.

Orrin alimpokea uwanja wa ndege na pikapu jipya, refu, lenye magurudumu manne nyuma. Marlys alipouliza la nani, Orrin akacheka tu, akasema asubiri wafike. Njia nzima akawa anatabasamu peke yake. Walipoingia kambini, kule jangwani karibu na Quartzsite walikozoea kukaa kila kipupwe, Marlys alitazama mahali lilipokuwa basi lao akaona tela. Lilikuwa kubwa, jeupe, lina ngazi na madirisha, na pua yake ndefu imening'inia hewani ikisubiri kupandishwa juu ya pikapu.

"Basi liko wapi?" akauliza.

"Nimeuza," Orrin akasema. "Njoo uone jiko lilivyo."

Ili umwelewe Marlys ni lazima ujue lile basi lilikuwa nini kwake. Orrin alipostaafu kazi ya kuuza bima, waliuza nyumba ya mjini wakanunua basi la kuishi, lenye kitanda nyuma, jiko katikati na usukani mbele. Hawakuwa na makazi mengine duniani. Wakati wa baridi walikaa Arizona, joto likizidi wakapanda kaskazini kama ndege wa majini. Na dereva alikuwa Marlys. Alikulia kwenye shamba la viazisukari, baba yake akamkalisha nyuma ya usukani wa lori angali binti mdogo, na tangu hapo hakuna gari lililowahi kumtisha. Orrin alikuwa mtu wa maneno. Mwaka wao wa kwanza alikwaruza basi ubavu mzima kwenye nguzo ya kituo cha mafuta, na bila kikao wala mjadala usukani ukahamia kwa mkewe. Yeye akawa msoma ramani na mpika kahawa, huku basi likikata milima.

Kambini watu ni wale wale kila mwaka. Alasiri hutoa viti, wakakaa duara, kila mtu na kikombe chake, wakataniana. Chet Rusk, mzee wa Idaho ambaye mdomo wake haukujua likizo, ndiye aliyempa Orrin jina la Kondakta. "Haya, Kondakta kaja," angesema. "Dereva yuko wapi?" Watu wakacheka, Orrin naye akacheka.

Sasa Marlys alisimama ndani ya tela akionyeshwa vitu. Orrin alisema injini ya basi ilikuwa imechoka, na kila ilipopelekwa gereji nyumba nayo ilikwenda gereji, wakalala kwenye ua wa mafundi. Kwa tela, pikapu likiharibika nyumba inabaki mahali pake. Akafungua friji, refu kama la nyumba ya mjini. Akamwonyesha chumba cha kulala kule juu puani, kina mlango wa kufunga.

Yote yalikuwa kweli, na hilo ndilo lililomchoma Marlys. Angepata hata uongo mmoja wa kuushika angeufurahia. Jiko lilikuwa zuri. Friji lilikuwa zuri. Lakini hakuna aliyemuuliza.

"Ungeniambia," akasema.

"Ningekuambia ungekataa."

"Kwa hiyo ulijua nitakataa."

Majina yao yalikuwa mawili kwenye hati ya basi, lakini imeandikwa "au" katikati, na sahihi ya mmoja ilitosha. Vitu alivihamisha mwenyewe haraka haraka. Mapazia aliyoyashona Marlys yalikwenda na basi. Hata mti wa kusukumia lefse, mikate myembamba ya viazi ya kwao, aliourithi kwa mama yake, uliachwa kwenye droo chini ya kitanda, na mnunuzi hakuacha namba ya simu.

Tangu siku ile Marlys akawa abiria. Alipoomba kujaribu pikapu na tela, Orrin alitikisa kichwa. "Hili si basi," akasema. "Kichwa kikienda huku, mkia unakwenda kule. Chet amenifundisha ulipokuwa Minnesota. Sitaki uumie." Na pale kwenye duara la viti jina la Kondakta likafa. Sasa Chet alimwita Kapteni, na Orrin alipoitikia kifua kilimpanda hadi Marlys akainua macho kutazama milima.

Alinyamaza. Wanaomfahamu wanajua kunyamaza kwake si amani. Aliosha vyombo kwa kelele, akapika chakula kizuri na kukiweka mezani bila neno. Orrin akadhani mambo yanapoa.

Joto likaanza, kambi ikaanza kufungasha. Siku yao ya kuondoka kwenda Utah, nusu ya kambi ilisimama kuwaaga. Orrin alirudisha pikapu kinyumenyume chini ya pua ya tela. Pale katikati ya bodi ya pikapu pana mdomo wa chuma wenye taya, na pini nene ya tela huingia humo taya zikaifumba. Ukishaona imeingia, unafunga mkono wa chuma, kisha unavuta kidogo tela likiwa bado limesimama kwa miguu yake, kujaribu kama limeshika kweli. Ndipo unapandisha miguu. Orrin alisikia mlio, akaridhika, akapandisha miguu huku akimjibu Chet utani fulani.

"Umevuta kujaribu?" Marlys akamuuliza.

"Mama, ingia kwenye gari tuondoke," Orrin akasema, kwa sauti ya kusikika na watu.

Marlys akaingia.

Pikapu lilisogea mbele hatua chache, tela likabaki. Pini ikateleza, na pua yote ile, na chumba cha kulala ndani yake, ikaangukia kingo za pikapu. Mlio wake ulikuwa wa bati linalochanwa. Vumbi lilipotulia, ubavu wa pikapu ulikuwa umebonyea pande zote mbili, na ndani ya tela sahani zilikuwa bado zinaanguka moja moja.

Orrin alishuka, akazunguka, akatazama. Kisha akageuka mbele ya watu wote akamwambia mkewe, "Si nilikuambia uangalie kama taya zimefunga?"

Chet alitazama viatu vyake.

"Hukuniambia hivyo, Orrin," Marlys akasema, taratibu. "Uliniambia niingie kwenye gari."

Akachukua mkoba wake, akatembea hadi kwa Twyla Boggs, akapanda ngazi bila kubisha hodi.

Twyla alikuwa mjane wa Oklahoma, mwanamke mdogo mwenye sauti nzito ya sigara, aliyevuta tela lake mwenyewe tangu mumewe afariki. Alimwondoa paka kwenye kochi, akatandika shuka. Marlys akakaa hapo pikapu likiwa kwa mafundi. Wanaume waliliinua lile tela kwa jeki na magogo, na Orrin akaishi humo peke yake, kambi ikizidi kuwa tupu kila siku.

Jambo la kwanza Marlys alilomwomba Twyla halikuwa ushauri. Aliomba afundishwe kuvuta tela. Asubuhi kabla ya jua kali walikwenda kwenye uwanja uliokuwa soko la mawe ya mapambo wakati wa kipupwe na sasa hauna mtu. Kwenda mbele hakukumpa shida. Shida ilikuwa kurudi nyuma. Alikanyaga mafuta kwa hasira, akakata usukani kwa hasira, tela likajikunja hadi pembe yake ikakaribia kuvunja kioo cha pikapu la Twyla.

Twyla akazima sigara yake. "Shoga, hasira mwekee Orrin," akasema. "Tela langu halijakukosea."

Akamwonyesha. Shika usukani chini, si juu. Unakotaka mkia uende, ndiko mkono wako uende. Kidogo kidogo, na ukikosea usijirekebishe, vuta mbele uanze upya. Marlys akaanza upya hadi shati likamganda mgongoni. Siku ile tela lilipoingia kati ya mapipa mawili bila kuyagusa, hakushangilia. Alikaa na mikono juu ya usukani, na ghadhabu ikampanda kuliko siku zote, maana sasa alijua. Jambo lenyewe halikuwa gumu hivyo. Alikuwa ametishwa kwa kitu ambacho angejifunza katika juma moja.

Orrin alikuja kila siku na kitu mkononi, mara bakuli la maharage ya pilipili, mara gazeti. Twyla alipokea chakula, akamfungia mlango kwa adabu. Mwishowe Marlys alitoka mwenyewe, akaketi kwenye ngazi, akamwacha mumewe amesimama juani.

"Usinieleze habari ya injini," akasema. "Niambie kwa nini uliuza."

Orrin alizungusha kofia yake mikononi. Alisema amechoka. Akaulizwa amechoka nini. "Nimechoka kuitwa Kondakta," akasema.

Marlys alikuwa amejiandaa kusikia mengi, ugonjwa, deni, hata mwanamke. Hili hakulitegemea. "Umeuza nyumba yangu kwa sababu ya mdomo wa Chet?"

"Si Chet peke yake. Wewe pia ulikuwa unacheka."

Ilikuwa kweli. Alicheka kwenye lile duara, kila kipupwe, na pengine alicheka kuliko wengine, kwa sababu jina lile lilimsifu yeye. Neno hilo lilimwuma Marlys, lakini hakuliacha limgeuze.

"Nilicheka," akasema. "Sikuuza."

Akampa masharti palepale. Jina lake liingie kwenye hati ya tela na ya pikapu, na katikati iandikwe "na". Pikapu likitoka kwa mafundi, atakayeliendesha hadi Utah ni yeye, na Orrin asiseme neno mpaka aulizwe. Orrin akakubali yote, haraka mno, naye Marlys akakasirishwa hata na ule wepesi. Angalau angebisha kidogo.

Waliondoka kukiwa hakuna wa kuwaaga ila Twyla na paka. Marlys alirudisha pikapu, akasikia taya zikifumba, akafunga mkono wa chuma, akavuta kidogo kujaribu, akashuka kuchungulia kwa tochi. Kaskazini mwa Arizona upepo wa pembeni uliwakuta kwenye uwanda usio na mti, tela likawa linayumba kama mlevi anayejitahidi. Orrin alishika kishikio cha mlango hadi vidole vikawa vyeupe, na hakusema neno. Marlys alipunguza mwendo, akaweka macho mbali barabarani, akalivusha.

Kambi ya Utah ilikuwa kando ya mto, na nafasi yao ilikuwa kati ya miti miwili. Kama kawaida ya kambi zote, mgeni anaporudisha tela watu hutoka nje na kahawa zao kutazama. Marlys alijaribu, akavuta mbele, akajaribu tena, Orrin akiwa nyuma anaonyesha kwa mkono. Likaingia. Mwanamume mmoja mwenye kaptula akamwendea Orrin akampiga bega.

"Hongera, kaka. Umemfundisha vizuri mama."

Marlys alikuwa anashuka. Alisimama na mguu mmoja kwenye kikanyagio. Aliona kifua cha mumewe kikianza kupanda, akakijua kifua kile, akasubiri.

"Sikumfundisha mimi," Orrin akasema. "Mimi ndiye niliyeliangusha. Tazama ubavu wa gari hapo, bado rangi haijafanana."

Yule mtu akacheka, akidhani ni utani, akaenda zake. Marlys hakutabasamu wala hakumshukuru. Alichukua bomba la maji akaenda kuliunganisha na bomba la kambi, na lilipokataa kukaza alimwita Orrin amshikie. Walilikaza pamoja, maji yakiwarukia viatuni.

Mwaka ule wote hasira haikumwisha. Ilikuja na kuondoka kama maumivu ya goti, na Orrin akajifunza kutoiuliza imetoka wapi. Sasa hupokezana usukani, mmoja asubuhi, mwingine mchana. Na watu wanaotaka kuacha basi wanunue tela humfuata Marlys kumwomba maoni. Huwaambia bila kuficha kwamba tela ni bora, jiko ni pana, na gari likiharibika una pa kulala. Kisha huwauliza kama wenzao nyumbani wanajua.