Bibi Mchawi na Simu ya Ng'ambo

Jumapili nilikuwa nakemea wachawi kanisani Lodwar pamoja na waumini wenzangu, kwa sauti kubwa. Katikati ya wiki nilikuwa Kakuma, katika kambi ya wakimbizi, nimekaa kwenye benchi ndani ya kibanda cha mabati, nikiwashangilia. Kazi yangu ya ofisi ya maji ilinipeleka huko kukagua visima, na jioni za Kakuma mtu asiyekunywa pombe alikuwa na mambo mawili ya kufanya: kulalamikia joto au kwenda sinema. Mimi nilifanya yote mawili kwa pamoja.

Sinema tuliyoipenda ilikuwa ya wachawi wa nchi ya theluji, sehemu baada ya sehemu, na nyota wake alikuwa bibi kizee mwenye mdomo mchafu aliyetembea na punda kilema. Kama kwa Kiingereza pia alikuwa na mdomo mchafu, sijui. Sisi tulimsikia rafiki yangu, Mkongomani mwembamba aliyekaa kando ya televisheni na maikrofoni, akipunguza sauti ya wazungu na kututafsiria kila neno. Pale ambapo hapakuwa na neno, alitia lake. Kwa kinywa chake, bibi aliwatukana wafalme kwa kuchelewesha mgao wa unga, na punda alikuwa na maoni yake kuhusu polisi. Kiingereza ninakijua, lakini sikutaka kukisikia.

Katika sehemu ya nne bibi alikufa. Alikufa waziwazi, kitandani, na wenzake wakamlilia. Rafiki yangu akakohoa kwenye maikrofoni.

"Hapana, bibi hakufa," akasema. "Amechoka tu. Jina yake imetoka kwa ubao. Kesho anapanda ndege, anaenda ng'ambo."

Watu wakapiga makofi hadi mabati yakatetemeka. Kambini hapakuwa na habari njema kuliko jina lako kubandikwa ubaoni, kwamba umepata nchi ya kukupokea.

Nilipomuuliza baadaye kwa nini alidanganya, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa suruali. "Ofisa, hawa watu wamezika vya kutosha. Nitawazikisha tena mpaka kwa sinema?"

Haikuchukua muda jina lake mwenyewe likabandikwa. Nilimpongeza kwa mdomo, moyoni nikanuna kama mtoto. Siku ya safari alinishika mkono akaniambia, "Mbele ya sehemu ya tano kufika, nitakuwa nimekupigia simu."

Sehemu ya tano ikafika. Ilikuwa mwaka ule serikali za kaunti zilipoanza, Lodwar imejaa suti na magari mapya, na mimi nilitembea na simu yangu mkononi hadi kwenye mikutano, wakubwa wakadhani nina mgonjwa. Haikulia.

Mwenye kibanda, mfanyabiashara Msomali asiyependa gharama, aliamua kwamba wachawi wanajitosheleza, akaiweka sinema ikiwa uchi, bila mtafsiri, kwa Kiingereza chake. Sijawahi kuona kitu kibaya kilichotengenezwa kwa bidii namna ile. Picha ilikuwa giza tupu. Vijana wachawi walitembea kwenye theluji wakiwa wamenuna, wakakaa, wakanuna tena. Punda alikuwa ametoweka bila maelezo, na mahali pake waliweka farasi mweupe aliyeogeshwa kupita kiasi. Bibi hakuonekana. Nyuma yangu watu walianza kuinuka na kukung'uta vumbi.

Mama wa Kiturkana aliyeuza chai mlangoni, ambaye hakukosa sehemu hata moja, alinigeukia. "Ofisa, huyu mama anakuja saa ngapi?"

"Atakuja."

"Si alienda ng'ambo?"

"Alienda."

"Sasa hata simu hakuna?"

Nilikasirika, na sikumkasirikia yeye. Niliinuka, nikapita juu ya miguu ya watu, nikaitoa maikrofoni juu ya jenereta la zamani lililokufa ilikotupwa, nikaichomeka. Kwenye televisheni vijana walikuwa wamezunguka moto, hakuna aliyefungua mdomo. Nikatoa mlio wa simu kwa ulimi.

"Hallo? Mnanisikia?" nikasema, kwa sauti ya bibi na Kiswahili cha rafiki yangu, vyote viwili vibaya. "Niko huku. Baridi ni mingi, chakula haina pilipili. Nilisema nitapiga, sikupiga. Niliona haya tu. Sijapata bado hata mtu wa kutukana."

Watu wakacheka. Waliosimama wakakaa. Nilitaka kuendelea na mzaha, lakini nikajikuta nasema kwamba sijawasahau, kwamba usiku nawataja mmoja mmoja. Kijana mmoja wa kichawi akapiga chafya, nikashukuru, nikamtafsiria chafya yake. Baada ya hapo nilitunga tu maneno mpaka mwisho.

Nje, mama wa chai alinipa kikombe.

"Sauti yako ni mbaya sana," akasema.

"Najua."

"Lakini amepiga." Akakoroga sukari yake polepole. "Akipiga tena, uliza ile punda aliachia nani."

"Punda yuko na sisi," nikamwambia.