Uhuru, Kazi na Chupa ya Chai ya Sikuzani

Kazi ya Sikuzani katika maabara ya mifugo pale Kilosa ilikuwa kuosha vioo. Majirani zake wa Magomeni ya pale pale Kilosa wakimuuliza serikalini anafanya nini, aliwajibu, "Nasoma," na wala hakuwa anadanganya sana, maana kila kioo alichopewa kuosha alikipitisha kwanza kwenye hadubini, wakati Daktari Mathias ametoka kunywa chai. Kwa miaka minne alikuwa amekwisha kutazama damu, mate, kupe na uchafu wa kila aina. Elimu yake ilikuwa ya darasa la saba, lakini macho yake hayakujua kuhitimu.

Mwezi Novemba mwaka 1976, siku ya Jumatano, mjomba wake Filipo aliingia na baiskeli kutoka upande wa Zombo. Kwenye keria alikuwa amefunga furushi la majani ya mgomba.

"Shikamoo mjomba. Umetuletea ndizi?"

"Marahaba. Nimekuletea mavi."

Filipo alikuwa mwendesha plau wa kijiji kipya cha ujamaa, na plau hilo lilivutwa na maksai wawili, Uhuru na Kazi. Wawili hao ndio mifugo yote ya kijiji. Ila kwenye ripoti ya mwaka uliopita walikuwa kumi na wawili, kwa sababu kamati ilihesabu pia ng'ombe kumi wa mfugaji mmoja jirani, mzee Saibulu, ambaye ilitarajiwa kwamba atajiunga na kijiji siku moja akipenda. Basi ikaletwa dawa ya minyoo ya ng'ombe kumi na wawili, ile ya mrututu, bluu ya kumeremeta. Kamati ikakaa. Kuirudisha ni kukiri uongo. Kuimwaga ni hujuma. Likabaki azimio moja tu: inywewe. Uhuru na Kazi wakanyweshwa sehemu yao na ya wenzao wasiokuwepo, asubuhi na jioni, mpaka madumu yakakauka.

"Minyoo ilikufa?" Sikuzani aliuliza.

"Ilikufa, ikafa na hamu ya kula. Sasa wanatafuna mabua kidogo, tumbo linajaa kama ngoma, basi. Hawacheui. Wamekwisha, mama." Filipo akaangalia viganja vyake. "Kamati imesema Jumapili wachinjwe kabla hawajafa kibudu. Mvua ndiyo hiyo inanukia. Na mkono ulioshika chupa ya dawa ni huu hapa."

Mtu mwingine angempa pole na maji ya kunywa. Sikuzani alimpa maji, akachukua furushi, akaenda kulichekecha kwenye karo. Vilivyobaki kwenye chekecheo vilimshangaza. Yalikuwa mabua marefu, magumu, kama yalivyotoka shambani. Ungeweza kuezekea banda la kuku.

Daktari Mathias aliporudi alimkuta ameyapanga mezani kama vijiti vya kuhesabia.

"Daktari, ng'ombe mzima hili bua analifanya nini?"

"Yeye? Hafanyi lolote. Ng'ombe hana ubavu wa kuyeyusha bua. Anatafuna tu. Wanaoyeyusha ni wapangaji wake, vidudu vya tumbo kubwa." Daktari akavuta jarida lililokuwa limefunikwa na vumbi kabatini. "Kuna hivi vyenye mikia. Vitabu vyote nilivyosoma vinasema ni vijinyama. Mwaka jana mtu mmoja Uingereza kaandika kwamba si vijinyama, ni mbegu za ukungu. Zinaogelea, zinakuta bua, zinakaa, zinaotesha mizizi ndani na kulipasua."

"Ukungu? Kama wa mkate?"

"Binamu yake. Ila huyu ukimpa hewa anakufa."

Sikuzani hakungoja ruhusa. Alikwenda machinjioni, akaomba maji ya tumbo la ng'ombe aliyechinjwa muda ule, akarudi mbio. Kwenye hadubini aliviona kweli. Vidoa vilikuwa vikikimbia na mikia yake kama wanafunzi waliosikia kengele. Na kwenye kipande cha bua kulikuwa na vifuko vidogo vilivyokwama, kila kimoja na mizizi yake iliyozama ndani, ikigawanyika na kugawanyika tena. Akaweka bua la Uhuru. Lilikuwa tupu, kama limepigwa sabuni.

"Wakulima wa kahawa," Daktari alisema polepole, "wanapulizia mrututu miti yao ili kuua ukungu." Alimgeukia Filipo. "Inawezekana nyinyi mmepulizia tumboni. Sina hakika. Ni kudhani tu."

Filipo alikaa chini.

Lakini Sikuzani alikuwa anafikiria kibuyu cha mama yake. Mama hakuwahi kukisugua mpaka ndani kabisa. Siku zote aliacha maziwa mgando kidogo chini, na hayo ndiyo yaliyogandisha mapya. Kama kibuyu cha Uhuru kimesuguliwa, basi si kinatiwa mengine?

Alhamisi alfajiri alirudi machinjioni na chupa yake ya chai, ile ya maua mekundu ambayo hata wageni wa heshima hawakuruhusiwa kuigusa. Aliijaza maji ya tumbo pomoni, hewa isipate pa kukaa, akaikumbatia kwenye keria ya mjomba. Walikwenda vizuri mpaka kwenye kizuizi cha barabara, mgambo alipoinua rungu.

"Fungua hiyo chai."

"Si chai, afande. Ni ya ng'ombe."

"Ng'ombe wa kwenu wanakunywa chai, sisi hata sukari hatuna? Lete!"

Alifungua, akainusa kwa pua yote. Chupa ilimponyoka ikapiga jiwe, kioo cha ndani kikalia, na maji yote yakamwagika. Mgambo akatapika pembeni, akawaruhusu kupita bila maswali mengine.

Walifika kijijini mikono mitupu. Kazi alikuwa amekwisha kufa usiku. Uhuru alikuwa amesimama peke yake, nywele zimemsimama, macho yamezama. Pembeni mzee Saibulu alikuwa ananywesha ng'ombe zake. Sikuzani alimwamkia, na kwa sababu alikuwa karibu kulia, akamsimulia habari yote, hadi chupa.

Mzee alicheka mpaka akajishikilia kwenye fimbo. "Binti, umetoka Kilosa kuleta kitu kilichomo mdomoni mwa ng'ombe zangu?"

Alimwendea jike mmoja aliyelala akicheua. Alingoja tonge lipande kooni, akapenyeza mkono pembeni mwa mdomo, pale pasipo na meno, akalichomoa likiwa bado linafuka mvuke. Kabla hujasema mbili alikwisha kulisukuma kwenye koo la Uhuru.

"Nani alikufundisha, mzee?"

"Baba yangu. Na wewe?"

"Jarida."

"Jarida lako lina ng'ombe wangapi?"

Siku tatu walifanya hivyo. Sikuzani alijifunza, na kidole kimoja kiliumwa. Jioni ya pili mzee alimwuliza ndani ya tonge kuna nini hasa. Akamweleza juu ya vile vyenye mikia, vinavyoogelea kutafuta bua. Saibulu alilitazama tonge kiganjani.

"Vina mikia, vinatafuta malisho. Basi ni mifugo," alisema. "Na wewe ni mfugaji, ila mifugo yako midogo."

Jumapili kamati ilifika na visu, Gabrieli mchinjaji mbele. Uhuru alikuwa amelala. Filipo alisimama kati yao na yeye, mikono imelegea.

"Sogea, ndugu Filipo."

"Subirini kidogo."

"Tusubiri nini?"

Ndipo uvimbe ulipopanda polepole kwenye koo la Uhuru, na taya likaanza kuzunguka, kushoto, kulia, kama mzee anayetafuta neno. Gabrieli alishusha kisu. Filipo aligeukia upande wa shamba, akafuta uso kwa kofia.

Mvua ilipokuja, Uhuru alifungwa nira na maksai wa Saibulu. Mzee alikubali kumwazima kwa sharti moja.

"Huyu msimwandike."

Mwenyekiti wa kamati, aliyekuwa amekwisha kutoa kalamu, aliirudisha mfukoni. Plau likaanza kupasua ardhi, Filipo nyuma yake akipiga mluzi. Sikuzani aliwafuata unyounyo na chekecheo, akimngoja Uhuru adondoshe mavi.