Kisanduku cha Kalolaine

Siosaia, mwenyekiti wa kamati ya jengo letu la ushirika hapa mjini Neiafu, kisiwani kwetu, alikuwa amekitolea macho chumba chetu sisi wasusi wa mikeka. Alitaka kukigeuza stoo ya mashine za boti. Akatupa mpaka Jumamosi, siku ambayo ndugu zetu walioko ng'ambo, Auckland, wangeutazama mkeka wetu mkubwa kupitia kompyuta. Wakiuagiza, tunabaki. Wasipouagiza, tufungashe virago. "Chumba kikubwa hivi cha kupigia soga," alikuwa akisema, nami namwangalia tu, maana mdomo wangu ukishafunguka haufungiki.

Tegemeo letu lilikuwa Kalolaine, mjane aliyefanya kazi katika kampuni ya simu miaka mingi. Tangu kimbunga kiondoke na paa la nyumba yake, alilala humo humo chumbani, nyuma ya pazia. Yeye ndiye aliyevuta nyaya jengo zima, zahanati na ofisi ya wavuvi chini, kamati na sisi juu, ili kompyuta zote zizungumze kupitia kisanduku kimoja. Kaka yake, Folau, alimsaidia kutoboa kuta kila mahali isipokuwa kwetu. Kwa mila yetu, mwanamume haingii anapolala dada yake. Kisanduku chenyewe Kalolaine alikifunga kwetu, kwa kuwa hakuna chumba kikavu kama chetu. Kwamba kaka yake hataweza kukifikia humo hakuwaza, wala sisi.

Jumamosi upepo ukaipindua antena ya intaneti iliyo juu ya jengo. Kalolaine akapanda paani kuishikilia kwa mikono yake. Huku chini sisi, kwa kiherehere cha kutandaza mkeka, tukaukokota juu ya nyaya na kuzing'oa mbili. Taa za kisanduku zikawa nyekundu. Zahanati wakaanza kulalamika, na Siosaia akatokea na funguo mkononi, tayari kukitwaa chumba.

Tukamwita Folau. Alikuja mbio mpaka mlangoni, akakwama hapo, akatugeuzia mgongo.

"Ingia bwana, kwani mna papa humo?" Siosaia akamwambia.

"Humo analala dada yangu, mzee. Wewe ungeingia kwa dada yako?"

Siosaia akasogea kando ya mlango.

"Mama Pisila," Folau akaniita bila kugeuka, "uko karibu na kisanduku?"

"Nipo, lakini mimi hata redio huwa nawashiwa."

"Leo utawasha mwenyewe. Hizo nyaya zina rangi nchani. Unaziona?"

Niliziona. Kalolaine alizipaka rangi zile zile tunazochorea nguo za magome: kahawia ya mti wa koka na nyeusi ya masizi. Hofu ikanitoka. Rangi hizo nimezikoroga tangu utotoni, na hakuna wa kunifundisha.

"Wa masizi ni wa antena, uingize tundu la mwisho kulia. Wa koka, tundu la jirani yake. Sukuma kila mmoja mpaka usikie umelia ta."

"Zote zimelia."

"Sasa zima. Subiri kidogo, kama unayengoja mume aombe radhi, halafu washa."

"Huyo nitamngoja mpaka kiama," nikasema, nikawasha.

Taa zikawa kijani. Kwenye kompyuta ikatokea sebule nzima ya Auckland, imejaa binamu zangu wanaopunga mikono. Nililia, wala sioni haya kusema. Mkeka wakauagiza palepale, na mwingine wa harusi.

Kalolaine aliposhuka, nywele zimesimama wima, Folau akamwambia kwa upole kutoka ukumbini, "Dada, tukihamishie huku nje, siku nyingine nisisimame mlangoni kama mdai."

"Hakihami," Kalolaine akasema, macho yake kwa Siosaia. "Wanawake wote wa humu watajifunza kukitunza. Jengo zima linapumulia chumba hiki, mwenyekiti. Stoo yako itafutie pengine."

Siosaia akarudisha funguo mfukoni. Jumatatu alikuja kusimama pale pale aliposimama Folau.

"Mama Pisila, kompyuta ya kamati imekwama. Nakuomba."

Nikamwambia asubiri, namalizia kwanza ukingo wa mkeka.