Bisibisi Sikioni

Kwa injini, hakuna kitu cha kunishangaza. Shule niliishia la nne, lakini mashine za karasha zinazosaga mawe ya dhahabu hapa Geita, mbili ni zangu. Juzi fundi aliegemeza bisibisi ndefu kwenye injini ya pikapu yangu kuukuu, akaweka mpini sikioni asikie inavyogonga, nikamkumbuka baba.

Baba naye alitoka kwenye kazi ya karasha, akawa fundi wa malori Isaka. Mchana mmoja, nikiwa mtoto, gereji ilinuka dizeli na vumbi la moto. Alisikiliza lori, kisha akanipa bisibisi.

"Masanja, inagonga?"

Kila siku aliniuliza hivyo, na mimi nilidhani ananipima. Nikataka mwenye lori aone nilivyo hodari.

"Inagonga sana, baba. Kwani wewe husikii?"

Mwenye lori alimtazama baba. "Kumbe fundi ni mtoto?"

Akaondoka na lori lake. Baba alijifuta mikono kwa kitambaa muda mrefu, hata ilipokuwa imeshatakata. Habari ilienea, na malori yakaacha kuja. Leo najua karasha lilishamfanya kiziwi, na kazi yake yote ilisimama kwenye masikio yangu.

Juzi fundi alinipa bisibisi. "Bosi, sikiliza mwenyewe. Beringi ya konrodi imekwisha."

Nilitega sikio, sikusikia chochote.

"Nasikia," nilisema. "Kitu kidogo hicho. Funga, niondoke."

Konrodi, ule mkono unaosukumwa na pistoni, ilikatika ikatoboa injini kabla sijafika Buseresere. Injini nyingine, pamoja na pikapu kuvutwa, imenigharimu shilingi milioni mbili, laki sita na elfu arobaini.