Alama za Mdogo Wangu

Mwaka ule mtafiti mmoja, mama wa makamo kutoka chuo kikuu, alikuja Tabora kupima uchaji wa watu. Alitaka kujua watu wa mji huu wa njia ya misafara, ambako Waislamu na Wakristo wamechanganyika tangu enzi za mababu, wanamshika Mungu kiasi gani. Alihitaji wadodosaji wanne. Mimi nilikuwa nimeshastaafu ualimu, nikakubali upesi. Dodoso lilikuwa na maswali ishirini, kila swali alama moja hadi tano. Kabla sijamhoji mtu yeyote nilijihoji mwenyewe nyumbani kwangu Isevya. Nikapata tisini na moja kati ya mia, nikajumlisha tena kwa raha tu.

Siku ya kwanza, mtaani Mtendeni, fundi cherehani mmoja, mzee wa Kiislamu, alinijibu yote kwa adabu, kisha akaniuliza, "Mwalimu, mimi kiuno cha mtu nakipima kwa futi. Wewe jambo hili unalipima kwa kitu gani?"

"Kwa majibu yako, mzee wangu."

"Basi umepima mdomo," akasema, akaendelea kukanyaga cherehani yake. Nilimwona mjuaji.

Siku ya tatu orodha ilinipeleka Chemchem, kwenye nyumba ya mdogo wangu. Utaratibu ulikuwa wazi: ukiangukia kwa ndugu yako, mpe mwenzako kazi hiyo. Nilinyamaza. Nilitaka kuziona alama zake kwa macho yangu.

Tangu utotoni yeye ndiye aliyeitwa mwenye sala. Tukiwa shambani kwenye karanga, alikuwa akipiga magoti juu ya tuta hadi mama amwite mara tatu, na hakugombezwa. Mimi nikisimama kidogo kunyoosha mgongo, naambiwa mvivu. Mama alipougua miaka yake ya mwisho alikaa kwangu. Nilimwogesha, nilimlisha uji kwa kijiko, nilifua mashuka yake. Siku moja maumivu yalipomzidi alinishika mkono, nikadhani anataka kunishukuru.

"Mwite mdogo wako aje aniombee," akasema.

"Mama, hata mimi naweza kukuombea."

"Najua, mwanangu. Lakini mwite."

Nilimwita. Akaja, akapiga magoti kando ya kitanda, na uso wa mama ukalegea kama wa mtoto aliyenyonya akashiba. Nilisimama mlangoni na beseni la maji machafu mikononi, wivu ukinichoma. Nimeungama mengi kwa padri, hilo sijaliungama.

"Shikamoo, dada," mdogo wangu alinipokea siku hiyo ya dodoso. Alikuwa uani akichambua uyoga. Akanivutia kigoda. Nilimsomea maswali kwa sauti ya kazi, kana kwamba simjui.

"Je, unasali kiasi cha kutosha?"

"Hapana."

Nikainua macho. Mtaa mzima unajua kwamba huyu akianza sala za alfajiri, uji unaungulia jikoni. "Una hakika?"

"Si umeniuliza, dada? Hapana."

"Unajisikia uko karibu na Mungu kila siku, mara nyingi, wakati mwingine, mara chache, au hujawahi?"

Aliugeuza geuza uyoga mmoja kiganjani. "Mara chache," akasema. "Mara chache sana."

Jumla ikawa arobaini na tatu. Chini ya karatasi palikuwa na nafasi ya mdodosaji kuandika alichokiona mwenyewe. Ningeweza kuandika kuhusu sugu za magoti yake. Nikaiacha nafasi ile tupu. Nilirudi Isevya kwa miguu, nikiwa mwepesi kama msichana aliyesifiwa mbele ya wenzake.

Raha hiyo ilidumu siku mbili. Jumapili, baada ya misa, nilimvuta pembeni.

"Kwa nini ulinijibu vile? Ulikuwa unajishusha ili nikusifu?"

Alishangaa kweli. "Nijishushe kwa nini? Ningekuwa namsikia Mungu yuko karibu, ningekaa magotini muda wote ule nikitafuta nini?" Kisha akaniuliza, "Na wewe swali hilo ulilijibuje?"

"Kila siku," nikasema.

Alinishika mikono yote miwili. Hakuwa na mzaha hata kidogo. "Hongera, dada. Nakuonea wivu."

Kisanduku kile nilikuwa nimekitia tiki haraka haraka, chai ikiwa mkononi.

Jumatatu nilimwendea mtafiti, nikamweleza kwamba nilimhoji ndugu yangu wa tumbo moja huku nikijua ni marufuku. Hakupaza sauti. Alilitafuta dodoso la mdogo wangu, akalipiga mstari mwekundu kutoka kona hadi kona, akaniambia nisirudie. Nilitoka nimeaibika, na ndani ya aibu hiyo nilisikitika kwamba alama pekee nilizowahi kumshinda kwazo zimefutwa.

Asubuhi moja wiki hiyo nilijaribu kusali kama yeye, magoti sakafuni, bila kitabu. Nilitamani nihisi upungufu anaouhisi. Dakika chache tu magoti yakaanza kuuma, na mawazo yakaenda Chemchem: ameamka? Ameshapiga magoti? Mama angemwita nani leo? Nilikuwa nazungumza na mdogo wangu, si na Mungu. Niliposhika kitanda ili niinuke, machozi yalikuwa yananitoka, na bado nilikuwa na wivu.